Ng'ombe Niliyemkana

Chuoni Iringa nilisoma kidogo cha kila kitu, maana shahada yenyewe ndivyo ilivyopangwa: historia, lugha, falsafa ya kutosha kumkera mtu mezani, na sanaa ya studio. Watu wa kwetu Madibira walipomuuliza baba binti yake anasomea nini, alijibu "ualimu," kisha akageuza mazungumzo yaende kwenye mvua. Hakuwa mwongo sana, kwa sababu wengi wetu tungeishia kufundisha. Lakini mama mmoja mnadani alishapata habari kwamba ninachora, akamuuliza mbele za watu kama chuo kizima kimejengwa ili kufundisha watoto kuandika mabango ya saluni. Baba alirudi nyumbani amenuna, na mimi niliposimuliwa nilikasirika kuliko yeye. Nina hasira za karibu, na miaka ile zilikuwa karibu zaidi.

Sisi ni Wasukuma wa bonde la Usangu. Babu alishuka huku na ng'ombe wake kutoka kaskazini, baba akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Baadaye baba aliongeza majaruba ya mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji, lakini moyo wake haukuwahi kutoka zizini. Kabla sijajua kuandika jina langu niliwajua ng'ombe wetu wote kwa sura. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa kunyooshewa kidole. Unasimama mlangoni mwa zizi jioni, unawatazama wakipita, na jicho lenyewe linakuambia nani hayupo. Baba alitufundisha hivyo sote, wavulana na wasichana. Jambo moja hakutufundisha, nalo ni yupi kati yao ni wa nani. Mfugaji wa kwetu haweki mali yake yote mahali pamoja. Wengine anawapeleka kwa rafiki aliye mbali, ili ugonjwa ukipita usimmalize, na rafiki naye anawaleta wake kwako. Wa watu wanachanganyika na wenu, mnawachunga, mnawakamua, na mtoto haambiwi, kwa sababu mtoto ana mdomo.

Studio yetu ilikuwa ghala la zamani lililopakwa chokaa chini ya mwamba mkubwa, lenye madirisha upande mmoja na upepo pande zote. Tulikuwa wachache. Wanafunzi wa sheria walipita dirishani wakitutazama kama watoto wa chekechea waliozeeka. Mwalimu wetu tulimwita Madam, mwanamke wa hapohapo Iringa, Mlutheri wa kwaya, mkavu wa maneno. Mwaka mzima wa kwanza alituchoresha kigoda, birika, na buti moja ambalo hatukuwahi kujua lilitoka wapi. Alikuwa na tabia ya kusimama nyuma yako akanyamaza mpaka jasho likutoke.

"Hilo birika unalochora liko kichwani kwako," aliniambia siku moja. "Mimi nataka la pale mezani."

"Ni lilelile, Madam."

"La mezani mdomo wake umebonyea. Lako limetoka dukani leo."

Niliichana ile karatasi mbele yake. Akaenda kabatini, akaleta nyingine, akaibandika kwenye ubao wangu. "Haya, kasirikia na hii," akasema. Tangu siku ile nilimpenda, ingawa sikuwahi kumwambia, na niliacha kuchora ninachokijua nikaanza kuchora ninachokiona.

Mwaka wa mwisho kila mmoja wetu alitakiwa kufanya kazi moja kubwa. Sharti lilikuwa moja, na Madam alilirudia mpaka tukalichoka: kila kilichomo kwenye picha lazima uwe umekiona kwa macho yako, halafu uje ukitetee kwa mdomo mbele ya watahini, mmoja wao akiwa mgeni kutoka chuo kingine. Kubuni kulikuwa na kozi yake. Kwenye kozi hii aliyebuni alikuwa ameshapoteza alama nyingi kabla hajafungua kinywa.

Likizo ndefu nikaenda nyumbani kuchora ng'ombe. Asubuhi kabla hawajatoka malishoni nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkaa mkononi, baba akipita na kulalamika kwamba namzibia mlango. Niliporudi Iringa niliunganisha karatasi kwa gundi mpaka zikafunika ukuta, nikawaweka wote pamoja: kundi zima linatoka zizini, vumbi limemeza miguu, na mbele kabisa jike mwenye uso mweupe, duara jeusi kwenye jicho moja, na sikio la kushoto lililopasuliwa katikati kisha likang'olewa kipande kidogo upande wa chini. Huyo nilimchora kwa uangalifu kuliko wenzake. Alikuwa mkorofi, aliwahi kunimwagia maziwa ya asubuhi nzima kwa teke moja, na mtu hamsahau adui yake. Madam alimjua kwa hadithi zangu. Akiingia studio alikuwa akiuliza, "Mpiga teke hajambo?"

Juma la mwisho kabla ya utetezi Madam alisimama mbele ya ile picha akanyamaza, lakini safari hii sikutoka jasho. Alinyoosha kidole kwenye miguu iliyopotelea vumbini. "Hapa hukuchora mguu," akasema, "na mimi nauona mguu. Sijui umefanyaje." Kisha akaniambia nikiitetea kazi ile kama ilivyo, jina langu atalipeleka yeye mwenyewe. Maana yake nibakizwe chuoni niwe mwalimu msaidizi wa studio. Nafasi ilikuwa moja tu.

Nilitoka nje nikauzunguka mwamba ule nikilia kwa furaha. Halafu nikafanya ambacho binti yeyote angefanya. Nikaipiga picha kazi yangu kwa simu, nikaitupa kwenye kundi la ukoo, na chini yake nikaandika: utetezi Alhamisi, karibuni wote. Watu huandika karibuni wote bila kutegemea mtu aje.

Kundi letu la ukoo lina watu ambao hata ukoo wenyewe hauwajui vizuri: mashemeji, wakwe, waliooa wakaacha, waliohama hawajulikani walipo. Pongezi zilimiminika. Mjomba mmoja aliuliza yule dume aliyekonda ni wetu au nimemwazima kwa majirani. Nilikuwa nacheka peke yangu bwenini baba alipopiga simu, na baba si mtu wa kupiga simu mchana.

"Ile picha umetuma wewe?"

"Ndiyo, baba. Umeionaje?"

"Nimeiona. Itoe."

"Kwa nini?"

"Lile sikio, mayu. Umeenda kuchora mpaka lile sikio."

Kwetu mayu ni mama, na baba huniita hivyo akinibembeleza au akiogopa. Nikamwambia sikio ndivyo lilivyo. Akasema anajua ndivyo lilivyo, na hapo ndipo akaniambia yale ambayo mtoto haambiwi.

Yule jike hakuwa wetu. Alikuwa wa rafiki yake baba, ambaye sasa ni marehemu, na ule mpasuo na ule mng'oo vilikuwa alama yake, aliyoikata kwa kisu chake mwenyewe kwenye masikio ya mifugo yake yote. Alipofariki, ndugu zake wawili walikuja wakachukua kila kitu, ng'ombe, majaruba, hata bati za jikoni, wakisema mali ni ya ukoo. Mjane wakamwachia watoto. Walipofika kwa baba kuuliza kama marehemu aliweka chochote zizini kwake, baba aliwatazama usoni akawaambia walikufa wote kwa ugonjwa. Hawakufa. Yule jike alibaki kwetu na wanawe kwa ajili ya mjane, na ada ya shule ikifika baba aliuza ndama mmoja akapeleka pesa kimyakimya.

Mjane huyo ni mama wa Ilomba. Mimi namwita hivyo kwa sababu nilipokuwa kidato cha tano na cha sita Mbeya nililala kwake mtaa wa Ilomba, kwenye vyumba viwili vya kupanga, akiuza mchele wa kupima kibarazani. Baridi ya Mbeya mwezi wa sita haina utani. Alikuwa akinichemshia maji ya kuoga alfajiri wakati wanawe wa kuzaa wanaoga ya bomba, kwa hoja kwamba mimi ni mtoto wa joto la Usangu na nitamfia. Nilikuwa nadhani ananifanyia hivyo kwa urafiki wa wazazi tu. Sikujua kwamba yule mpiga teke ndiye aliyekuwa akiwasomesha wale watoto, wala kwamba mama alishapata kiwanja kidogo huko Ilomba na alikuwa anangoja jike yule na ndama zake wauzwe wote ili ajenge.

"Sasa wale wawili wameona," baba akasema. "Mdogo yumo kwenye hilo kundi lenu."

"Mhamishe huyo ng'ombe basi."

"Nimeshamtoa. Ng'ombe anahamishika, mayu. Neno lako halihamishiki. Picha wanaweza wakasema ni picha tu. Lakini wakisikia mdomo wako unasema umemwona kwenye zizi yangu mwaka huu, hapo wananipeleka kwa wazee, na mimi siwezi kubishana na mtoto wangu. Watamchukua na ndama zake. Yule mama atabaki na nini?"

"Niseme nini, baba?"

"Sijui," akasema. "Huo ni mtihani wako."

Akakata simu. Nilimkasirikia vibaya sana. Angeniamrisha ningepata mtu wa kumlaumu.

Nikaifuta ile picha kwenye kundi, lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Jioni ileile mkubwa wa wale ndugu wawili wa marehemu alinipigia. Sauti yake ilikuwa tamu kama ya mtu anayeleta posa.

"Mayu, tumeona kazi yako. Hongera sana. Tumesoma kwamba Alhamisi unaitetea na watu wanakaribishwa. Baba yako ana shughuli za mpunga. Tutakuja sisi, tukushike mkono."

Nikajibu nitashukuru sana kuwaona. Ungejibu nini kingine kwa mtu unayemwita baba?

Kesho yake niliingia studio na kipande cha mkate. Mkate laini ndio unaofuta mkaa vizuri kuliko raba, unaufinyangafinyanga na kuubonyeza taratibu na weusi unaondoka bila kuchafua. Nilipanga kulifanya sikio liwe zima, basi, kazi ya dakika chache. Nilikuwa nimeshapanda juu ya kigoda, mkate umebakiza kidogo tu ugusane na sikio, Madam akasema nyuma yangu:

"Shuka."

Nikashuka.

"Kazi imeshapigwa picha na kugongwa muhuri. Ukiigusa sasa huo ni udanganyifu wa mtihani, na mimi ndiye nitakayekuandikia ripoti. Unataka kufuta nini?"

"Sikio."

Akasogea, akalitazama. "Sikio limekukosea nini? Ni zuri. Hakuna mtu hapa angeweza kulifikiria sikio kama hilo bila kuliona."

Ndilo lililokuwa tatizo langu lote, na kalisema yeye kwa mdomo wake. Nilitaka kumwambia. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini siri haikuwa yangu, na zaidi ya hapo nilimjua Madam. Mtu aliyenikatalia birika kwa sababu ya mdomo uliobonyea asingeweza kukaa kwenye kiti cha mtahini akasikiliza uongo anaoujua. Ningemwambia, ningemlazimisha achague kati yangu na sharti lake. Angechagua sharti, na tungeumia wote wawili. Nikaula ule mkate pale pale ili mikono yangu ipate kazi.

Alhamisi nikawapokea wageni wangu Ipogolo, kwenye barabara kuu. Walikuwa wamelala Mafinga na kupanda basi la asubuhi, wamevaa makoti mazito na kofia za sherehe. Nikapiga magoti kando ya lami kama tunavyofundishwa, malori yakipita, nikasalimia, "Mwangaluka." Mkubwa akaniinua kwa mkono. Nikawapeleka kwa mama lishe, nikawaagizia chai ya maziwa na chapati, na kama binti wa nyumbani nikawanawisha mikono mimi mwenyewe.

Mkubwa aliniuliza afya yangu. Aliniuliza kama Wahehe wananipikia vizuri, kama nimepata mchumba, kama kweli mtu anaweza kulipwa mshahara kwa kuchora. Ng'ombe hakumtaja. Kila alipoacha kumtaja nikazidi kuogopa, mpaka chai ikanishinda. Yule mdogo hakuuliza chochote. Alikuwa ameegemeza simu yake kwenye chupa ya chai, ameikuza ile picha niliyoifuta, na kioo kizima kilikuwa sikio.

"Umeliona vizuri sana hili," akasema mara moja tu, bila kunitazama.

"Kula chapati, baba mdogo, itapoa," nikamjibu.

Tukapanda bajaji mpaka chuoni. Mlima wa kutoka Ipogolo kwenda mjini ni mrefu, na mimi nilitamani siku ile uwe mrefu zaidi.

Chumba cha utetezi kilikuwa studio yenyewe. Mbele meza ya watahini: Madam, mkuu wa idara, na yule mgeni, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya upole. Nyuma viti vya wageni. Wenzangu waliotangulia walikuwa na wazazi waliovaa vizuri wakipiga makofi. Wangu wawili walikaa mstari wa mwisho, kofia magotini, na mbele yao palikuwa na picha yangu ukuta mzima.

Nilianza vizuri. Nilieleza mkaa, nilieleza karatasi, nilieleza mwanga wa asubuhi wa Usangu ambao haudumu. Mtahini mgeni alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika, na Madam alikuwa karibu kutabasamu, jambo ambalo si la kila siku. Kisha mgeni akainuka, akaja mpaka kwenye picha.

"Huyu wa mbele," akasema. "Wenzake umewachora kama kundi. Huyu umemchora kama mtu unayemfahamu. Tueleze, umemwona wapi?"

Ni swali rahisi kabisa. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi kabla ya simu ya baba, nina jibu refu lenye ndoo na teke na maziwa, ambalo lingewachekesha wote. Nikasikia kiti kimoja cha nyuma kikilia.

"Huyu sijamwona," nikasema.

"Hujamwona?"

"Nimembuni. Picha ilikuwa inataka kitu mbele, nikamtunga."

Mtahini akageuka kumtazama Madam. Madam alikuwa ameweka kalamu chini.

"Rudia," akaniambia.

"Nimembuni, Madam."

"Sharti la kazi hii ni lipi?"

"Kuchora tulichokiona."

"Na sikio?" mtahini akauliza, bado kwa upole, kama anayenipa nafasi ya kujirekebisha. "Mtu akibuni ng'ombe, humpa masikio mazima."

"Mkaa ulivunjika nikakwaruza karatasi. Nikaona mkwaruzo niufanye uwe mpasuo. Ni kosa tu."

"Mwezi wa pili," Madam akasema taratibu, "uliniambia mimi kwamba ng'ombe huyu alikupiga..." Hapo akanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimetazama nyuma bila kukusudia na macho yake yakafuata yangu mpaka kwa wale wawili. Sijui aliona nini. Walioketi pale ni wazee wawili tu wenye makoti. Akanirudia. "Alikupiga teke," akamalizia.

"Ilikuwa hadithi tu, Madam."

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, na mimi nilikuwa nimeshaona mwisho wake. Yule kaka mkubwa akainua mkono.

"Samahani, walimu wetu. Sisi ni wazee wa huyu mtoto. Naomba kumuuliza kitu kimoja."

Mkuu wa idara akatabasamu, akasema wazazi wanakaribishwa. Mzee akaja mbele polepole, akasimama karibu na picha kuliko alivyosimama mtahini.

"Hii ng'ombe, mayu. Iko kwenye zizi ya nani?"

"Haiko kwenye zizi yoyote, baba. Iko kwenye karatasi."

Akainua kidole, akakipitisha hewani juu ya sikio, kutoka juu kushuka chini, kisha akakikunja pale penye mng'oo. "Kisu kinapita hivi," akamwambia mdogo wake kwa Kisukuma, "halafu kinapinda." Mdogo alikuwa ameshasimama.

Niliona kwamba hawajaniamini. Nikatafuta kitu cha kuwapa. Nikakiona kilipo, na roho ikaniuma kukigusa.

"Baba, tazama na miguu yake," nikasema. "Umewahi kuona ng'ombe mwenye miguu hivyo? Goti liko wapi? Kwato ziko wapi? Mtu aliyemwona ng'ombe huyu angeacha kumchorea miguu? Nilishindwa, nikapaka vumbi."

Mzee akainama. Akatazama ile miguu iliyopotea, ile ambayo Madam aliiona bila kuchorwa. Alitazama kwa muda mrefu. Halafu akaanza kucheka, kifua kikitikisika ndani ya koti.

"Kweli," akasema. "Hii haina miguu kabisa."

"Kaka, lile sikio mtu hawezi kulibuni," mdogo akasema.

"Msomi anabuni chochote," mkubwa akamjibu. "Hebu tuwaachie walimu kazi yao. Tumepoteza nauli."

Wenzangu wakacheka pia, kwa kuwa mzee alichekesha. Nikacheka nao. Madam hakucheka. Alichukua kalamu yake akaandika, akaandika tena, na hakuniuliza swali lingine.

Nikawasindikiza wageni mpaka kwenye bajaji, nikapiga magoti tena. Niliporudi Madam alikuwa anafunga madirisha peke yake. Wenzangu wameshatoka kwenda kupiga picha na wazazi.

"Leo umemdanganya nani?" akaniuliza. "Mimi au wale?"

"Siwezi kujibu, Madam."

Akafunga dirisha la mwisho. "Mimi nimesahihisha ulichosema," akasema. "Sina ruhusa ya kusahihisha ninachokidhani."

Nafasi ya kubaki aliipata kijana aliyechora wauza viazi wa stendi, kazi nzuri, sina neno naye. Kwa miezi mingi nilikuwa na chuki ya kugawa. Nilimchukia Madam kwa kunyooka kwake, nikamchukia baba kwa kutoniamrisha, nikawachukia wale wazee, nikamchukia mpaka ng'ombe mwenyewe. Sasa nafundisha historia sekondari moja Mbeya, na kila nikipita mbele ya ghala lolote lililopakwa chokaa nasimama nikachungulia dirishani. Baba hakuwahi kuniuliza nilijibu nini. Alizijua habari kwa wale wazee wawili, ambao waliisimulia kote Madibira ile ng'ombe isiyo na miguu.

Msimu uliofuata jike yule na ndama zake waliuzwa huko huko walikofichwa. Mama wa Ilomba akajenga. Juzi nilikwenda kumwona kwenye nyumba yake, vyumba vitatu, bati bado zinang'aa, sakafu ya saruji aliyoisugua mpaka inateleza. Akanipakulia wali, akaketi kunitazama nikila, kama zamani.

"Baba yako aliniambia kwa nini hawakukubakiza," akasema. "Nikamwambia huyo si mtoto niliyelala naye nyumba moja. Eti ulibuni ng'ombe. Mtu umezaliwa zizini, unabuni ng'ombe?"

"Ndiyo hivyo, mama."

"Uvivu huo." Akacheka, akafuta macho kwa pindo la khanga, halafu uso wake ukatulia na nikaona kwamba jambo lenyewe limemuuma kweli, kwa ajili yangu. "Ungemchora hata yule wa marehemu wangu, mwenye uso mweupe. Si alikuwa palepale kwenu, unamwona kila siku? Ungemchora yule ungepasi."

Hasira zilinipanda mpaka kooni, zikakutana na wali, nikameza vyote pamoja. Nilitazama ukuta wake uliopakwa rangi ya samawati, na mwanawe mdogo aliyekuwa anasoma kwenye kiti karibu na dirisha.

"Sikumfikiria, mama," nikasema.